Siku Kutembea Kulipogeuka Kosa

Nchini kwetu Uganda watu wengi hawasemi Kiswahili, lakini yapo maneno mawili ya Kiswahili ambayo hata mzee wa kijijini asiyejua salamu za lugha hii anayafahamu vizuri. Maneno hayo ni "panda gari". Hayakutufikia kwa njia ya shule wala ya biashara. Yalitufikia katika miaka ya 1980, wakati wa utawala wa pili wa Milton Obote, askari walipokuwa wakiuzingira mtaa alfajiri, wakiwakusanya wanaume na vijana, na kuwaamuru wapande malori. Wengine walirudi baada ya kuhojiwa. Wengine hawakurudi. Watu wakauita msako wenyewe kwa jina la amri yake. Mpaka leo bibi yangu, ambaye sisi Waganda humwita jaja, akisema "wakati wa panda gari" hahitaji kueleza zaidi.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa ualimu, na masomo yangu ni Kiswahili na Historia. Nilipochagua Kiswahili, nyumbani hakuna aliyenikataza. Baba alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama somo hilo lina ajira. Jaja aliuliza swali gumu zaidi: "Mjukuu wangu, unataka kwenda jeshini?" Kwake yeye Kiswahili ni lugha ya bunduki. Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na watu wa rika la jaja waliisikia mara nyingi kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kwa mtu aliyeshika silaha.

Katika insha hii nataka kueleza jinsi wananchi wasio na silaha wanavyoweza kuupinga utawala wenye silaha kwa kutumia vitu vya kawaida kabisa: miguu, honi, nguruwe, kofia, hata mashimo ya barabarani. Nitachukua mifano mingi kutoka nchini kwangu kwa sababu ndiko ninakokujua. Hoja yangu ni hii: mapambano ya namna hii yana nguvu kwa sababu yanamlazimisha mtawala kukataza jambo ambalo kila mtu anajua si kosa. Siku anapolikataza, anajivua nguo mwenyewe. Lakini yana gharama pia, na mara nyingi gharama hiyo hailipwi na yule aliyeyabuni. Nimeiona gharama hiyo nyumbani kwetu.

Nianze na miguu. Tarehe 18 Februari 2011 tulifanya uchaguzi mkuu. Rais Yoweri Museveni, aliyekuwa madarakani tangu Januari 1986, alitangazwa mshindi kwa asilimia 68 ya kura. Mpinzani wake mkuu, Dakta Kizza Besigye, alipewa asilimia 26 na akayakataa matokeo. Baada ya uchaguzi wa 2001 na ule wa 2006 alikwenda mahakamani, akashindwa mara zote mbili. Safari hii alisema haendi. Wakati huohuo bei za vitu zilikuwa zikipanda. Mwezi Aprili mfumuko wa bei ulifika asilimia 14, na ilipofika Oktoba ulikuwa umepita asilimia 30. Sukari, unga, mafuta ya taa na petroli vikawa mazungumzo ya kila nyumba.

Kuitisha maandamano ya kawaida ilikuwa kazi bure, maana yangepigwa marufuku kabla hayajaanza. Ndipo kikundi cha wanaharakati kilichojulikana kwa kifupi kama A4C kikatoa wito mwepisi ajabu. Kuanzia Jumatatu tarehe 11 Aprili, kila Jumatatu na Alhamisi, watu waache magari yao nyumbani na watembee kwa miguu kwenda kazini. Mabango hayakuhitajika, wala jukwaa, wala hotuba. Mtu atoke nyumbani kwake, atembee, afike kazini, aanze kazi.

Tuutazame ubunifu uliomo humo. Kama petroli imepanda bei, kutembea ni jambo la busara ambalo hata waziri wa fedha angelisifu. Sheria yoyote ya maandamano inazungumza juu ya mkusanyiko, njia, saa na kibali. Je, mtu mmoja anayetoka nyumbani kwake saa kumi na mbili asubuhi akiwa amevaa viatu ni mkusanyiko? Serikali ilibaki na njia mbili, na zote zilikuwa mbaya. Ikiwaacha watembee, wengi wataona kwamba inawezekana, nao watajiunga. Ikiwakamata, itabidi iwaeleze wananchi kwamba kutembea ni kosa.

Ilichagua kuwakamata. Besigye alikamatwa siku ya kwanza kabisa. Tarehe 14 Aprili, huko Kasangati karibu na nyumbani kwake, alipigwa risasi ya mpira mkononi. Tarehe 28 Aprili, kwenye mzunguko wa Mulago, vioo vya gari alimokuwa vilivunjwa kwa nyundo na kitako cha bastola, akamwagiwa dawa ya pilipili machoni, akaburutwa na kutupwa kwenye pikapu. Picha zake zilionekana duniani kote. Kesho yake Kampala ililipuka kwa ghasia. Alipelekwa Nairobi kutibiwa, na alirudi tarehe 12 Mei, siku ileile rais alipokuwa akiapishwa katika uwanja wa Kololo. Wageni wa serikali walikuwa Kololo, na umati ulikuwa kwenye barabara ya Entebbe ukimpokea mtu ambaye kosa lake lilianzia kwenye kutembea.

Sasa nieleze ya nyumbani. Baba yangu ni fundi cherehani. Wakati huo tulikaa Kyebando, naye alishona katika vibanda vya Kiyembe, katikati ya jiji. Kutoka kwetu hadi Kiyembe alipita Mulago na Wandegeya, mwendo wa zaidi ya saa moja. Alitembea njia hiyo kila siku tangu kabla sijazaliwa, kwa sababu nauli ya teksi kwenda na kurudi ilikuwa bei ya chakula chetu cha jioni. Wito ulipotangazwa redioni, baba alicheka akasema, "Basi mimi ni kiongozi wao. Nimeandamana miaka kumi na tatu bila wao kujua."

Nilikuwa na umri wa miaka minane. Nakumbuka kwamba mzaha ule haukudumu. Alhamisi moja ya mwezi huo wa Aprili baba alisimamishwa njiani na mwanamume mwenye sare. Aliulizwa anakwenda wapi. Akajibu kwamba anakwenda kazini. Akaulizwa, "Kwa miguu?" Baba hajui Kiswahili kingi, lakini hilo alilielewa, akajibu ndiyo. Akaulizwa kwa nini hakupanda teksi kama watu wengine. Akasema hana pesa. Yule mtu hakuamini kwamba kuna anayetembea kwa sababu hiyo tu. Akamwonyesha pikapu iliyosimama kando ya barabara, akamwambia, "Panda gari."

Baba alikaa nyuma ya pikapu ile hadi karibu saa tano, pamoja na muuza maembe, vijana wawili wa sekondari, na mtu aliyekuwa akienda hospitali kumpelekea mgonjwa uji. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa akiandamana. Mwishowe alikuja mwenye sare mwingine, mtu mzima zaidi, akaiona tepu ya kupimia nguo ikining'inia shingoni mwa baba. Akamuuliza bei ya kupunguza suruali kiunoni. Baba akamtajia. Yule mzee akamwambia, "Shuka, nenda kazini."

Baba alipotusimulia jioni, mama alilia. Jaja hakulia. Aliuliza swali moja tu: "Walikwambia kwa Kiswahili?" Tangu siku hiyo hadi mwisho wa mwaka baba hakutoka nyumbani bila tepu yake shingoni, hata Jumapili alipokwenda kanisani. Ilikuwa kitambulisho chake. Ilionyesha kwamba yeye ni mtu mwenye kazi, na kwamba miguu yake haina siasa.

Nimeifikiria sana tepu ile. Inaonyesha jinsi wito wa kutembea ulivyofanikiwa. Ulikuwa umegusa jambo la kawaida mno, kiasi kwamba dola haikuweza tena kumtofautisha mpinzani na fundi cherehani. Ikaanza kumwogopa kila mwenye miguu. Lakini inaonyesha pia kasoro ya wito huo. Mwenye gari alichagua kutembea. Baba hakuchagua. Mwanasiasa aliyekamatwa alikuwa na mawakili na waandishi wa habari. Muuza maembe hakuwa na mtu. Shirika la Human Rights Watch lilieleza kuwa watu wasiopungua tisa waliuawa katika matukio ya Aprili ile, na mmoja wao alikuwa mtoto wa kike wa miaka miwili huko Masaka. Mtoto wa miaka miwili haandamani.

Hata hivyo, utawala ulioamua kupambana na kutembea ulijikuta ukipambana na kila kitu. Mawakili waligoma kwenda mahakamani kwa siku tatu mwezi Mei wakipinga ukatili ule. A4C ikawaomba wenye magari wapige honi jioni wakitoka kazini. Wanafunzi wenzangu mnaoijua Kampala mtacheka hapa, kwa sababu Kampala jioni ni honi tupu. Nani angemtambua anayepiga honi kwa hasira ya siasa na anayempigia mtu wa bodaboda aliyemkatia njia? Tarehe 10 Mei wanasiasa waliokuwa wakielekea uwanja wa Katiba katikati ya jiji walimwagiwa maji ya rangi ya waridi kutoka kwenye gari la kuwasha, ili nguo zao ziwatambulishe. Badala ya aibu, rangi ile ikawa picha iliyozunguka dunia: watu wazima wenye suti, wamelowa waridi kuanzia kichwani hadi miguuni, wamekaa barabarani. Aprili 2012 A4C yenyewe ikatangazwa kuwa chama haramu. Wanaharakati wakaanzisha kingine na kukipa jina la kaulimbiu ya taifa, ile iliyo chini ya nembo yetu: Kwa Mungu na Nchi Yangu. Sasa aliyetaka kukipiga marufuku angelazimika kupiga marufuku maneno ya nembo ya taifa.

Si kweli kwamba mbinu hizi zilibuniwa na kizazi cha intaneti. Mwaka 1948 Mganda mmoja aliyekuwa London, Semakula Mulumba, alialikwa chakula cha jioni na askofu wa Kianglikana wa Uganda. Badala ya kukubali au kukataa kwa adabu kama ilivyotarajiwa, aliandika barua ndefu ya kukataa, kali na isiyo na staha yoyote, na barua hiyo ikasambazwa Buganda. Wakoloni walizoea kupingwa kwa heshima, kwa maombi yaliyoandikwa vizuri. Ukosefu wa adabu wa makusudi uliwachanganya kuliko maombi mia. Mulumba alielewa kwamba adabu ilikuwa sehemu ya utawala. Mtu anayekula mezani pako kwa uma na kisu hawezi kukuambia kwamba umemwibia ardhi.

Wakati wa Amin njia ilikuwa jukwaa la tamthilia, na gharama yake ilikuwa kubwa zaidi. Byron Kawadwa, aliyeongoza Jumba la Sanaa la Taifa, alikwenda na tamthilia yake ya Oluyimba lwa Wankoko, yaani wimbo wa jogoo, kwenye tamasha la sanaa za watu weusi huko Lagos mwaka 1977. Aliporudi nyumbani alitekwa na kuuawa. Hadithi ya jogoo iliwatisha watu waliokuwa na vifaru.

Na huko Amuru, kaskazini mwa nchi, mwaka 2012 wanawake wazee wa Kiacholi walivua nguo mbele ya maofisa waliokuja kupima ardhi yao kwa ajili ya shamba la miwa. Asiyejua mila anaweza kudhani ni aibu yao. Kwa Waacholi, mama mzee akikuvulia nguo kwa hasira, laana ni yako wewe uliyetazama. Wanawake hawa hawakuwa na kura iliyosikilizwa, wala wakili, wala kamera. Walikuwa na miili yao na maana ambayo jamii yao iliipa miili hiyo. Wanaume wenye bunduki waligeuza nyuso. Septemba 2024 wasichana watatu walifanya jambo la namna hiyo Kampala, karibu na Bunge. Walijipaka rangi na maandishi mwilini wakipinga ufisadi, nao wakakamatwa.

Baada ya 2011 mifano iliongezeka. Nguruwe walianzia kwa jirani. Tarehe 14 Mei 2013 wanaharakati wa Kenya, miongoni mwao Boniface Mwangi, waliachia nguruwe mbele ya Bunge jijini Nairobi, kupinga wabunge waliotaka kujiongezea mishahara. Mwaka mmoja baadaye, Juni 2014, vijana wawili wa Uganda waliingiza watoto wawili wa nguruwe katika viwanja vya Bunge letu. Walikuwa wamewapaka rangi ya njano, ambayo ni rangi ya chama tawala. Ujumbe ulikuwa juu ya ulafi wa viongozi na ukosefu wa ajira kwa vijana. Nguruwe wakawa ushahidi, na baadhi ya askari wa ulinzi wa Bunge wakasimamishwa kazi kwa kushindwa kuwazuia. Jambo hili lilizungumzwa nchini kuliko hotuba nyingi za wabunge wa mwaka ule.

Kisha ikaja rangi nyekundu. Mwaka 2017, Bunge lilipojadili kuondoa kikomo cha umri wa rais, watu walijifunga vitambaa vyekundu kichwani. Baadaye mwanamuziki Robert Kyagulanyi, anayejulikana kama Bobi Wine, aliifanya kofia nyekundu ya bereti kuwa alama ya wafuasi wake. Septemba 2019 kofia hiyo ilitangazwa katika gazeti rasmi la serikali kuwa vazi la jeshi, na raia akaweza kushtakiwa kwa kuivaa. Ni yaleyale ya kutembea. Jana ilikuwa kofia tu, ya kujikinga jua. Leo ni kosa linaloweza kukufikisha jela, na kila anayeipita dukani anakumbuka kwa nini.

Mwanafunzi mwenzangu mmoja, ambaye tunabishana naye sana bwenini, haamini mambo haya. Anasema mzaha ni dawa ya usingizi. Watu wakishacheka nguruwe wa njano wanarudi nyumbani wamepunguza hasira, na mtawala analala vizuri. Anasema pia, nitajie bei moja iliyoshuka kwa sababu ya kutembea. Hoja yake haiwezi kupuuzwa. Bei hazikushuka Aprili 2011. Rais ni yuleyule. Na mwaka 2013 ilipitishwa sheria mpya ya mikusanyiko iliyoyafanya maandamano kuwa magumu zaidi.

Namjibu kwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba kama mzaha ungekuwa dawa ya usingizi, watawala wangeufadhili. Hawaufadhili, wanaufunga. Dakta Stella Nyanzi, aliyekuwa mtafiti wa chuo kikuu, alifungwa siku 33 mwaka 2017 kwa kumfananisha rais na sehemu ya mwili isiyotajwa mbele ya wakwe. Mwaka 2019 alihukumiwa miezi 18 kwa shairi aliloliweka Facebook kuhusu kuzaliwa kwa rais, kisha Februari 2020 akaachiliwa baada ya rufaa. Nchi haitumii magereza na mahakimu kwa jambo lisilo na uzito. Na ile sheria ya 2013, kifungu chake cha 8, kilichowapa polisi uwezo wa kuzuia mikusanyiko, kilifutwa na Mahakama ya Katiba Machi 2020. Utekelezaji wake ni suala jingine, lakini kesi ile ilitoka kwa watu waliokataa kuzoea.

La pili ni mfano ambao mimi mwenyewe nilishiriki. Aprili 2023 Jimmy Spire Ssentongo, mchora katuni na mhadhiri wa chuo kikuu, aliwaalika Waganda kwenye maonyesho ya mashimo ya Kampala. Maonyesho hayo yalikuwa mtandaoni. Kila mtu alipiga picha shimo la barabara ya kwao na kulisifu kama kazi ya sanaa: upana wake, kina chake, umri wake. Wengine waliweka samaki wa kuchora katika maji ya mashimo. Mimi nilituma shimo la Kyebando ambalo nimelijua tangu darasa la tatu, nikaandika kwamba ni la urithi wa familia. Kwa siku chache nchi nzima ilicheka, na haikuwezekana kumkamata aliyepiga picha barabara. Rais akaagiza Halmashauri ya Jiji ipewe haraka shilingi bilioni 6 za kuziba mashimo. Yakafuata maonyesho ya hospitali, na mwaka 2024 maonyesho ya matumizi ya fedha za Bunge.

Nikiyalinganisha maonyesho yale na kutembea kwa 2011, naona tofauti moja ninayotaka wenzangu waifikirie. Shimo halipigwi mabomu ya machozi. Mwenye simu alijitokeza kwa hiari, na asiyetaka kujitokeza alipita barabara yake bila kuulizwa kitu. Mbinu ya 2011 iligeuza mwendo wa maskini kuwa uwanja wa vita bila maskini mwenyewe kuulizwa. Sisemi kwamba wito ule haukustahili kutolewa. Waliokosea ni waliokamata na kupiga, si waliotembea. Ninasema tu kwamba anayebuni mapambano kutokana na jambo la kila siku amfikirie kwanza yule ambaye jambo hilo ndilo maisha yake. Atalindwaje? Nani atampigia wakili simu?

Kwa sisi wanafunzi wa Kiswahili liko jambo jingine, nalo lilitoka Kenya. Mwaka 2024 vijana wa Kenya walipoupinga Muswada wa Fedha, walimwita Rais William Ruto kwa jina la Zakayo, yule mtoza ushuru mfupi wa katika Biblia aliyepanda juu ya mti. Wakamwambia ashuke. Wakawapigia wabunge simu na kuwatumia ujumbe kwa maelfu, na kitendo hicho wakakiita "kuwasalimia". Kenya ina uchaguzi wa ushindani na vyombo vya habari vyenye sauti kuliko kwetu, lakini tarehe 25 Juni damu ilimwagika huko pia. Kesho yake rais alitangaza kwamba hatausaini muswada ule.

Nilikuwa likizo, nikamsomea jaja habari hizo, nikimtafsiria neno kwa neno. Nilipofika kwenye "shuka" alinisimamisha. Akauliza, "Hicho ni Kiswahili?" Nikasema ndiyo. "Na wanaosema ni raia?" Nikasema ndiyo, ni vijana kama mimi. Alikaa kimya, kisha akasema hajawahi kusikia Kiswahili kikitoka chini kwenda juu. Sijawahi kupata maelezo mazuri zaidi ya kwa nini nasoma lugha hii. Lugha iliyotumika kutuamuru tupande inaweza kutumika kumwambia mkubwa ashuke. Maneno hayana chama. Yanamtumikia anayeyachukua, kama vile miguu, kofia na nembo ya taifa.

Sitaki kumaliza kama kwamba mambo yamekwisha vizuri. Novemba 2024 Besigye alitekwa Nairobi na kuletwa Kampala mbele ya mahakama ya kijeshi, na Februari 2025 akafunguliwa mashtaka ya uhaini. Waliompokea barabarani miaka kumi na tatu kabla ya hapo wengine wamezeeka, wengine wamekata tamaa. Baba sasa anapanda teksi, kwa sababu magoti yake yamechoka na mimi humtumia nauli kutoka katika fedha ninazopata kwa kufundisha watoto masomo ya ziada. Anaponiuliza kama nitaingia barabarani siku moja, namwambia ukweli kwamba sijui. Ninachojua ni kwamba mwaka ujao nitakuwa mbele ya darasa. Nitafundisha vitenzi na minyambuliko yake: panda, pandisha, pandishwa, shuka, shusha, shushwa. Wanafunzi wangu watakuja wakiwa wamesikia nyumbani, kama mimi, kwamba hii ni lugha ya bunduki. Nitawauliza maneno hayo waliyasikia wapi, na nani alikuwa akimwambia nani. Kisha nitawaacha waseme wenyewe.